Kopo la Chumvi Nimelitoa Garini

Mwanangu Hawa,

Salamu tumeshapeana asubuhi, wewe umelala chali chini ya gari na mimi nimesimama na kikombe changu cha kahawa, kwa hiyo sitazirudia. Nitaanza na wizi. Utakapoegesha huko Mkinga na kubandika sufuria yako ya kwanza, utalitafuta kopo la chumvi na hutaliona. Usidhani umelisahau, wewe si mtu wa kusahau. Nimelitoa mimi leo ulipokwenda Pongwe kumuaga shangazi yako, na nimelirudisha jikoni kwetu. Tafadhali usinunue jingine njiani. Isome kwanza barua hii mpaka mwisho, halafu kasirika ukitaka.

Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia humo ndani tangu ulinunue gari lenyewe. Miezi yote hii nilikuwa nalizunguka kwa nje nikitafuta kasoro. Nimekaa kwenye kitanda chako cha mbao, nikafungua makabati na kuyafunga, nikawasha ile taa ya sola mchana kweupe nikaizima. Haisi kuukuu iliyokuwa ikibeba abiria na magunia ya mkaa sasa ina pazia, jiko la gesi, tangi la maji na rafu ya vitabu. Umefanya kazi nzuri, na sikukwambia. Mambo ya matairi na oili na breki sitayasema hapa. Fundi ameshakwambia, na mimi nimekuchosha nayo vya kutosha.

Ninaandika kwa sababu ya Ijumaa. Baada ya chakula ulikaa chini karibu na kiti changu ukasema, "Baba, naomba radhi yako." Na mimi nikakujibu, "Nikikupa utakwenda, nisipokupa utakwenda. Sasa waitakia nini?" Ukanyanyuka ukaenda kuosha vyombo. Hukulia wala hukubishana, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu siku ile umefunga mapazia, umepaka rangi, umenipikia, umenicheka nilipokosea kushika msumari, lakini hukuniuliza tena. Kesho unaondoka na deni hilo la jibu liko kwangu. Mdomo wangu umezoea ubishi, unanijua, kwa hiyo nimeona nijaribu kalamu.

Watu wa Ngamiani hawana dogo, na gari lako wameshalipa jina, nyumba ya konokono. Wiki mbili nyuma Mzee Bakari wa nyumba ya mbele aliniuliza barazani, mbele ya wenzake, imekuwaje mtoto wa kike amesomea misitu mpaka akavishwa joho, halafu anakwenda kuwafanyia watu kazi za bure, tena peke yake, tena akilala garini. Nikajibu kwamba vijana wa siku hizi wana mambo yao, nikacheka pamoja nao. Nilicheka, Hawa, na wewe ulikuwa unapita na ndoo ya rangi. Sijui kama ulisikia. Kama ulisikia, ulipita na adabu zako zote.

Mpango wako naujua wote kwa moyo, ingawa ulipokuwa ukiueleza nilijifanya nasikiliza redio. Unaanza na kina mama wanaopanda mikoko kule Mkinga, njia ya kwenda Horohoro. Vuli ikikolea unapanda Amani kwenye kitalu cha miche. Kasa wakianza kutaga unateremka upande wa Pangani kulinda mayai yasichukuliwe. Kila mahali msimu mmoja, kisha unawasha gari. Wa mikoko na wa kasa umezungumza nao kwa simu, wa Amani wamekujibu njoo tutaona, na katikati umeacha nafasi tupu ambazo unasema utazijaza ukiwa njiani. Nilizigombeza sana hizo nafasi tupu. Ukweli ni kwamba katika mpango wote huo, hizo ndizo ninazozielewa, kwa kuwa mimi nimeishi humo.

Wewe umezaliwa nikiwa karibu kuziacha safari ndefu, unanijua kama mzee wa kahawa na magazeti. Kabla yako nilikuwa dereva wa Landrova ya chanjo. Nesi na masanduku ya barafu nyuma, mimi mbele, milima na pwani yote hii. Tulipofika kijijini nesi alipewa chumba kwa mwalimu au kwa mchungaji, na mimi nililala garini kulinda dawa. Kwa hiyo wewe si wa kwanza katika ukoo huu kulala na usukani karibu na miguu. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na pazia.

Mwaka mmoja vuli ilitukamata katika kijiji kimoja chini ya Amani. Maji yalilibeba daraja, nesi akashuka kwa miguu na dawa zilizobaki, mimi nikabaki na gari kusubiri daraja lingine. Sikuwa na shida yoyote. Nilikuwa na mchele, dagaa, jiko la mafuta ya taa, chumvi, kiberiti, kila kitu. Bibi yako alinifundisha kwamba mgeni mwenye adabu hasumbui watu, basi nikakaa kama nilivyolelewa. Nikafunga mlango kwa ajili ya mvua, nikapika ndani, nikala ndani, nikatoa salamu dirishani. Wakipita nawapungia mkono. Nilijiona mstaarabu sana.

Kumbe kijiji hakilali. Gari la serikali, limefungwa, lina sindano ndani, na mwenye gari haonekani akila. Watoto wakaanza kupita njia ya mbali. Wakubwa wakanong'onezana kwamba huyu ni mumiani, wale wanyonya damu ambao bibi zetu walitutishia nao tulipokuwa tunagoma kulala. Mimi nilipoona watu wananikwepa nilidhani wananiheshimu.

Aliyekuja kunizindua ni Bibi Eliza, mama wa Kisambaa, Mlutheri, mfupi, mwenye sauti ya kufukuzia ngedere shambani. Aligonga bati la gari kwa mpini wa jembe. Nikamwamkia shikamoo, hakuipokea. Akasema, "Weye hulali njaa, twajua. Lakini sie twalala na shaka." Nikajitetea kwamba sikutaka kumsumbua mtu. Akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba wao hawataki kusumbuliwa.

Akanipeleka shambani kwake kuchuma iliki. Wewe uliyesomea mimea utanicheka, lakini mimi mtu wa mjini nilidhani iliki inaning'inia juu kama chungwa. Kumbe iko chini kabisa, kwenye mashina, na unachutama topeni tangu asubuhi. Nilichuma mbichi na zilizokomaa pamoja mpaka nikapokonywa kapu nikapewa kazi ya kubeba. Jioni Bibi Eliza akaniletea jogoo akiwa hai, pamoja na kisu. Akasema nichinje mwenyewe kwa dini yangu, ili nile kwa roho safi. Nikachinja, uani kwa Mlutheri, nikala na wanawe, na wao wakala nilichochinja mimi. Kesho yake watoto walijaa kwenye Landrova wakipiga honi mpaka betri ikalegea.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaitumia kumtania mgeni asijisahau. Kule mlimani niliiona kwa upande wake wa pili, kwamba mgeni asiyepewa jembe bado yuko nje, hata kama amelala ndani. Na mgeni ambaye hana anachokosa, nani atathubutu kumpa jembe? Nilipoona leo makabati yako yalivyojaa, kila kitu mahali pake, moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye ile Landrova.

Lakini wazo la chumvi si langu. Ni la mama yako. Niliporudi kutoka mlimani nikamsimulia habari ya mumiani, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Safari iliyofuata tulikuwa Maramba, nikafungua sanduku la chakula, hakuna chumvi. Nikajua amesahau, nikamlaumu kimoyomoyo, nikaenda kuomba nyumba ya karibu. Safari nyingine hakuna kiberiti. Nyingine hakuna sukari. Hakukiri hata siku moja. Nikimuuliza ananijibu, "Kwani hukupata?" Na kweli nilikuwa nimepata. Nilipata chumvi na mchuzi juu yake, na mahali pa kukaa, na habari za njia iliyokatika, na mara nyingi kazi ya kushika mpaka nesi amalize foleni yake.

Namwona mpaka sasa, asubuhi na mapema, ameinamia lile sanduku akijidai anapanga, na mkono mmoja umefichwa ndani ya kanga. Nikirudi alilitambua gari kwa mlio wake tangu kona ya sokoni, akabandika chai kabla sijazima injini. Namkumbuka sana, Hawa. Ikipita dizeli yoyote hapa mtaani jioni bado nageuza kichwa jikoni. Najua na wewe huwa unanitazama ninapogeuka, halafu unajifanya unatafuta kitu.

Basi hiyo ndiyo habari ya chumvi. Ukifika, egesha pale watu watakapokuonyesha, hata kama ufukweni panapendeza zaidi. Toa mkeka ukae nje ya mlango wako, kwa maana gari halina baraza na watu hawajui wakukute wapi. Halafu nenda nyumba ya karibu ukaombe chumvi. Mtu anayelala peke yake garini hakingwi na kufuli, anakingwa na majirani wanaojua jina lake na sauti yake. Hilo ndilo neno langu pekee juu ya usalama, na ulijue ni la dereva, si la baba mwenye wasiwasi. Baba mwenye wasiwasi ana mengine, amenyamazishwa.

Kuomba ni nusu tu. Nusu ya pili nilijifunza kwa aibu, huko huko unakokwenda kesho. Baada ya Bibi Eliza nilijiona bingwa wa vijiji. Kila nikifika natafuta pa kutia mkono. Tukawa katika kijiji kimoja karibu na mpaka, mzee wa nyumba tuliyofikia akafariki. Asubuhi nikachukua jembe, nikaenda makaburini, nikachimba kwa nguvu zote. Wenyeji wananiambia pumzika, mimi nasema hapana, leo na mimi ni mwenyeji. Nilidhani wananionea huruma.

Kaburi likiwa karibu kwisha akafika mkwe wa marehemu kutoka ng'ambo ya mpaka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwa ukoo ule kaburi la mzee huchimbwa na waume wa binti zake. Ni utumishi wao wa mwisho kwake, na yule bwana alikuwa amekuja mbio kwa ajili hiyo. Hakunitukana. Alikaa kwenye udongo nilioutoa, akasema taratibu, "Umenichukulia msiba wangu." Wazee wakanitoa shimoni wakamwachia achimbe mwanandani, pale mwili unapolazwa, angalau apate sehemu yake. Mimi nikasimama pembeni na mikono yenye malengelenge ambayo hakuna aliyeihitaji.

Tangu siku ile sikujitwalia tena kazi, wala sikuwauliza watu niwasaidie nini. Kwanza, ukimuuliza hivyo mtu wa pwani atakwambia hakuna, karibu ukae, hata kama nyumba inaungua. Mimi nilikuwa nauliza ni kazi gani hapa imekosa mtu. Hapo watu wanatazamana, halafu mmoja anacheka na kuitaja. Kila mji unayo. Aliyekuwa akiifanya amekufa, au ameolewa mbali, au amehamia Dar, na wengine wote wanaipita wakiiona. Mimi mara nyingi niliangukia kuamia ndege kwenye mpunga, kupiga debe na kupayuka mchana kutwa, na sauti unajua ninayo. Kwako wewe pengine itakuwa kuzuia mbuzi wasile miche, au kukaa na watoto wakati mama zao wako kwenye tope la mikoko. Haitaitwa kwa jina zuri. Hiyo ndiyo itakayojaza zile nafasi zako tupu, na hutaikuta kwenye simu.

Kila kazi pia ina mwezi wake. Ukifika ukakuta msimu umekwisha, usijilazimishe, washa gari. Na usiwaahidi watu kurudi. Mimi kila kijiji niliwaahidi, kwa mapenzi tu, na wengi sikuwaona tena. Bora uage kama mtu anayeondoka, ule chakula chao cha mwisho, ulie kama kilio kipo, uende.

Sasa nikujibu la Ijumaa. Nilikwambia ni maneno ya watu, nikakwambia ni usalama, nikakwambia ni elimu yako inayopotea bure. Vyote hivyo vina ukweli kidogo kidogo, na vyote nilivitumia kufunika kimoja. Tangu mama yako atutoke, wewe ndiye unayenikuta nimekaa na kuniuliza kama nimekula. Niliiogopa nyumba hii bila wewe. Sikuwa na ujasiri wa kusema hivyo, nikaona bora nikunyime radhi, labda utabaki kwa hasira. Wewe ulilijua hilo kabla yangu, ndiyo maana safari uliiahirisha, ukaiahirisha tena, ukisingizia rangi haijakauka.

Jana nilifungua friji kutafuta maji baridi. Nikakuta umenipikia na kufunga vifuko vifuko, maharage ya nazi, mchuzi wa samaki, mbaazi, kila kifuko na siku yake. Nikasimama pale mlango uko wazi mpaka friji ikaanza kulia. Nilijiona wazi, Hawa. Nina kila kitu ndani na mlango nimeufunga. Tangu arobaini ya mama yako sijala kwa mtu, na mtu hajala kwangu, na bado nilikuwa najiona wa kukufundisha namna ya kuishi na watu.

Leo alasiri nimevuka barabara. Nimemkuta Mzee Bakari barazani kwake, nikakaa, nikazunguka kwanza na habari za mpira, na bei ya sukari, na mvua. Mwishowe nikamwambia, "Bakari, kuanzia kesho sina wa kula naye."

Hakunitania, yeye ambaye hutania hata msibani. Akasema, "Twangoja useme hilo tangu alipofariki mkeo."

Kesho baada ya magharibi nitakula kwao. Keshokutwa wanakuja wao, na mimi nitapika, Mungu awasaidie. Vifuko vyako vyote nimevihamishia kwenye boksi lako la barafu, uvile wewe na hao kina mama wa mikoko. Nimemweleza Bakari pia unakokwenda na unachokwenda kufanya, mahali kwa mahali, msimu kwa msimu, na safari hii sikucheka. Aliniuliza kama huwa unachukua abiria.

Kesho alfajiri utainama kuniaga, na mimi nitaanza habari ya oili. Ndivyo nilivyo. Kwa hiyo lile neno ninaliandika hapa. Mwanzo niliandika kwamba nimekuradhia mradi urudi kabla ya Ramadhani. Nikalikata, maana hiyo si radhi, hiyo ni kamba ya mbuzi. Naliandika upya, lisome polepole, na ukitaka ulisome tena.

Nimekuradhia, Mwanahawa. Nimekuradhia ukirudi hapa, na nimekuradhia ukipata pako kwingine.

Babako